Chumba cha Shuka

Tulimzika Bwana Asava mwezi uliopita, kwao Maragoli, kwenye mteremko wenye mawe makubwa na migomba. Nilifika nimechelewa kwa sababu ya mvua, nikapewa kiti cha plastiki nyuma ya kwaya, na kutoka pale sikuweza kuliona jeneza. Wasemaji walikuwa wengi. Walimsifu kama mzee wa kanisa, kama mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, kama mwenyekiti wa kamati ya shule. Aliyetaja kazi yake ya serikali alisema tu kwamba marehemu aliwahi kutumika katika hospitali kadhaa, Kisumu ikiwemo. Nikakaa nikingoja aendelee kutoka hapo, lakini akahamia kwa wajukuu. Baada ya mazishi, watu walipokuwa wakipanga foleni ya chakula, mjane wake alimtuma msichana aniite. Nilimkuta sebuleni amezungukwa na wanawake wa kanisa, akawaomba watupishe kidogo. "Wewe ndiye Sista Turfosa," akasema, nami nikaitika. Aliniangalia bila ubaya. Akanieleza kwamba mwaka ule wa Kisumu mume wake alikuwa akija nyumbani Jumamosi, anakaa kwenye kiti cha pale dirishani mpaka jioni bila kuongea, na kwamba kwa miezi mingi yeye aliamini kuna mwanamke Kisumu. Alipomwuliza, alikana. Alipomwuliza basi wanafanya nini huko, alijibu kwamba hizo ni siri za watu. "Sasa amekwenda," mama yule akaniambia. "Sina ugomvi na wewe. Nataka kujua tu mlikuwa mnafanya nini." Nikamwambia kwamba tulikuwa tunakaa na wagonjwa. "Kukaa tu?" akauliza. "Kukaa tu, Mama." Akatikisa kichwa polepole, akanishika mkono, akaniambia niende nile. Nilirudi Kisumu na aibu. Lilikuwa jibu la kweli na halikutosha, na tangu siku hiyo nimekuwa nikimjibu kichwani kila ninapoosha vyombo, kila ninapongoja maji yachemke.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, muuguzi wa wodi ya wazazi katika hospitali kubwa ya mjini. Ukimwi ulikuwa umeshapata jina redioni, lakini wodini hakuna aliyelitamka. Madaktari waliandika herufi fulani kwenye pembe ya faili. Wahudumu walisema "ile kitu". Jamaa za wagonjwa walisema chira, ule mkondo wa kudhoofika unaompata mtu aliyevunja mwiko wa nyumbani, na wengi waliwaondoa watu wao hospitalini ili wakatafute dawa ya chira mashambani. Dawa ya kuuzuia ugonjwa wenyewe ilikuwa haijatufikia. Tulitibu kifua, tulitibu vidonda vya mdomo, tulitia maji mwilini, tukawaona watu wakirudi wodini wepesi kuliko walivyotoka. Kisha likaja agizo kwamba hospitali iwe na watu wa kuzungumza na wagonjwa hawa na jamaa zao. Matroni aliniita ofisini akaniambia amenichagua mimi. Nilipouliza kwa nini mimi, alisema sina mume, sina mtoto wa kunyonyesha, hata nikija kupata... Hakumaliza. Nilipelekwa semina ya siku tano, nikarudi na cheti na daftari, nikaambiwa nitafanya kazi pamoja na ofisa wa ustawi wa jamii, Bwana Asava, ambaye mpaka hapo nilikuwa nikimwona kwa mbali tu. Kazi yake ilikuwa kuwatafuta jamaa za wagonjwa waliotelekezwa.

Tulipewa chumba cha shuka. Kilikuwa kati ya jiko la hospitali na wodi ya wanaume, kirefu na chembamba, na rafu za mbao kuanzia sakafuni hadi darini ambako zamani zilipangwa shuka, blanketi na nguo za chumba cha upasuaji. Shuka zenyewe zilikuwa zimekwisha. Zilizobaki zilikuwa vitandani, na vitanda vingine havikuwa nazo. Lakini harufu ilibaki, ile ya sabuni ya mche na pasi ya makaa, na kila saa nne asubuhi ilifunikwa na harufu ya kabichi iliyokuwa ikichemka ng'ambo ya ukuta. Dirisha lilikuwa moja, la ukubwa wa sinia, na ukisimama kwa vidole uliona kipande cha ziwa, rangi ya bati kuukuu. Nimeishi katika nyumba nzuri baada ya hapo. Nimekuwa na ofisi yenye zulia. Lakini nikisema "chumbani kwetu" bila kufikiri, ulimi wangu huenda kule.

Bwana Asava alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mrefu, mwenye mabega yaliyoinama mbele kidogo kama ya mtu anayepita mlango mfupi. Alikuwa na kigugumizi. Maneno yaliyoanza na herufi "m" yalimshinda, na katika kazi yetu maneno mengi yalianza na herufi hiyo: mgonjwa, mume, mke, mtoto, maabara. Siku ya kwanza nilijiuliza kimoyomoyo ni nani aliyemteua mtu wa namna hii kwa kazi ya kuongea. Alikuja na viti viwili vya mbao vilivyotupwa nyuma ya stoo, akavipima miguu kwa kamba, akaona kimoja ni kirefu kuliko kingine, akapiga magoti na msumeno akakikata mpaka vikalingana. Meza niliyoletewa aliitoa nje. Nikamwuliza nitaandikia wapi. "Utaandika wakishaenda," akasema. Kisha akatoa chupa ya chai kwenye mkoba na vikombe viwili vya bati, tukanywa tukiwa tumekaa kwenye viti vile, magoti yetu yakikaribia kugusana kwa sababu ya wembamba wa chumba, na sikujua niweke wapi macho.

Mwezi wa pili nilifanya kosa ambalo sijalimaliza mpaka leo. Bwana Asava alikuwa ametoka kikazi na benchi letu lilikuwa limejaa. Akaja mwalimu wa shule ya msingi kutoka upande wa Awasi, amevaa tai, vumbi la chaki limebaki kwenye mkunjo wa suruali. Alikuwa ametumwa na daktari kuchukua majibu. Nilimkuta karibu na dirisha la dawa, nikaona nimsaidie asipange foleni. Nilimpa karatasi pale pale, nikamwambia kwa sauti ya chini kile kilichoandikwa, nikaongeza yale niliyofundishwa semina: ale vizuri, asikate tamaa, aje tena Jumatatu. Nilisema yote kwa pumzi moja. Alisikiliza kwa adabu. Akasema, "Asante sana, Sista," akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfuko wa shati, akatembea hadi langoni bila kugeuka. Jumatatu hakuja. Nilipomsimulia Bwana Asava, aliuliza kitu kimoja, kama mwalimu alikuwa amekaa au amesimama. Nikasema alikuwa amesimama. Akauliza na mimi je. Nikasema na mimi pia. Hakunikemea. Kesho yake aliomba ruhusa akaenda Awasi kumtafuta, na akaenda tena wiki iliyofuata, na tena. Shuleni walimwambia mwalimu amechukua sanduku lake katika nyumba za walimu akaondoka. Mmoja alidhani yuko Tanzania, mwingine mashamba ya chai ya Kericho. Mpaka leo nikipita Awasi siku ya soko huwa nawatazama wanaume wazee waliovaa tai.

Baada ya hapo ndipo nilipoanza kujifunza kile nilichoshindwa kumweleza yule mjane. Bwana Asava alimkaribisha mgonjwa, akamwuliza jina na kwao, akamwuliza anajua nini kuhusu ugonjwa wake, kisha akangoja. Aliwahi kuniambia kwamba alilelewa katika kanisa ambalo watu hunyamaza kabla ya kuomba, na kwamba utotoni alidhani kimya kile ndicho sala yenyewe. Mwanzoni mimi sikukiweza. Niliona aibu kwa niaba ya mgonjwa, nikatafuta neno la kuweka katikati, na Bwana Asava hakunizuia, aliniangalia tu. Polepole nikajifunza kusikiliza vifuniko vya sufuria ng'ambo ya ukuta na kuacha muda upite. Na watu walisema. Nilidhani wataulizia kifo. Wengi wao hawakuuliza. Waliuliza nani ataambiwa kwanza, na nani asiambiwe kabisa. Mvuvi mmoja mzee alikaa saa nzima bila neno, halafu akauliza nani atawapa mbuzi wake maji, na siku hiyo tukazungumza juu ya mbuzi, majina yao na tabia zao, mpaka akaomba kwenda kulala. Aliporudi mara ya pili alitupa jina la mwanawe, akasema tumwandikie aje.

Chakula cha mchana tulikula humo humo, kwa sababu katika chumba cha wauguzi watu walikuwa wameanza kuinuka nikikaa. Ukuta wa upande wa jiko ulikuwa wa mbao nyembamba, na wapishi ama hawakujua kwamba tunasikia ama hawakujali. Tulijua nani ana mkwe mbaya, nani amehamia mtaa wa Manyatta kwa dada yake, nani anaiba sukari. Siku moja nikamsikia mmoja akimkataza mwenzake kuosha kikombe changu. "Huyo Sista anakaa na hao watu siku mzima," alisema. "Hewa ni hiyo hiyo." Mwingine akamwuliza na yule Mluhya wake je. "Wacha tu," akajibu wa kwanza. "Watu wawili ndani ya chumba ya shuka, unafikiria wanakunja shuka?" Wakacheka sana. Sisi tulikuwa tumekaa na vikombe mkononi. Bwana Asava alitazama ndani ya chai yake, mimi nikatazama kidirisha. Uongo wao haukunitia aibu. Kilichonitia aibu ni kwamba moyo wangu ulikuwa umeruka. Alikuwa na mke na watoto, aliwataja kwa upendo kila Ijumaa akipanga mkoba wake, na hakuwahi kunigusa hata bega. Lakini tangu siku ile nilijua ni hatua ngapi kutoka langoni hadi mlangoni kwetu, kwa sababu nilikuwa nikizisikiliza zake kila asubuhi.

Rosebella alikuja mwezi wa nne. Alikuwa mshonaji wa nguo za shule Manyatta, mwanamke wa miaka thelathini hivi, mjane bila mtoto. Mume wake, dereva wa lori, alikuwa amekufa miezi kadhaa kabla, na jamaa zake wa Ahero walisema ni chira. Alilazwa kwa sababu ya kifua kikuu, na alipoambiwa yale mengine, chumbani kwetu, kwenye kiti kilichokatwa miguu, alilia kidogo, kisha akaniambia kwamba mabega ya sare yangu yameshonwa na mtu asiyejua kazi. Aliwapima watu wote kwa macho namna hiyo. Wodini aligundua kwamba sahani za vitanda vya mwisho zilikuwa na mstari wa rangi nyekundu ukingoni, na za wengine hazina. Alimwuliza mhudumu, hakujibiwa. Akaniita mimi, nami nikasita. "Sista, siku hizi unanyamaza vizuri," akasema. "Lakini kwa hii, sema." Nikamweleza kwamba ni alama ya jikoni, ili sahani zao zisichanganywe na nyingine. Alikula chakula chake chote akakirudisha chombo kikiwa kitupu. Alipopata nafuu akaruhusiwa kwenda nyumbani, na Jumatano iliyofuata alirudi na karai la nyoyo, mahindi na maharagwe yaliyopikwa mpaka yakapasuka, amelifunga kwa leso. Akatandika mkeka ukumbini mbele ya chumba cha shuka, akatuambia tumwite kila anayeweza kutembea.

Siku hiyo walikuja wanne, wakakaa mbalimbali kama watu waliokutana ofisi ya chifu. Bwana Asava alikunja suruali yake magotini, akaketi sakafuni, akaomba apewe sahani yenye mstari mwekundu. Nami nikaomba yangu. Nakumbuka nyoyo zile zilikuwa na chumvi nyingi mno na hakuna aliyetaja jambo hilo. Wiki ya tatu mkeka mmoja haukutosha. Wakaja na wale walioruhusiwa zamani, wakitembea kutoka Kondele na Nyalenda, mmoja na omena, wale dagaa wa ziwani, mwingine na ndizi. Kidirisha cha jikoni kikafunguka siku moja, mkono ukatoa chumvi. Wiki iliyofuata mkono ule ule ukatoa sufuria ya mchuzi, na mwishowe mwenye mkono, yule yule aliyekataza kikombe changu, akatoka na kukaa ukingoni mwa mkeka. Hawakuongea sana juu ya ugonjwa. Waliongea juu ya mpira, juu ya wahubiri, juu ya nani alikuwa mrembo shuleni. Anayetaka kukaa chumbani nasi alinyoosha kidole tu, tukaingia naye. Wengine waliniuliza baadaye kama mwaka ule haukunivunja moyo. Nilizika watu wengi, ni kweli. Lakini nikiota ndoto nzuri, mara nyingi niko ukumbini pale, Jumatano, na Rosebella ananiambia nisogee.

Mwaka wa matanga ulipokwisha, wakwe zake walimwita Ahero. Walitaka arithiwe na Okelo, shemeji yake mdogo, aliyekuwa na mke na watoto wawili. Rosebella alikataa mara mbili, na wao wakasema ana mwanaume Manyatta. Alituwekea jambo lake wazi, kama kitambaa mezani. Akikubali na kunyamaza, Okelo atakufa na mke wake atakufa. Akikataa na kunyamaza, ataitwa malaya, atapoteza nyumba yake na mahali pa kuzikwa. Lililobaki ni kusema. Akatuomba twende naye. "Lakini nyinyi msiseme kitu," akatuambia. "Mkae tu, kama vile mnakaa hapa." Tulikwenda Jumamosi, na Jumamosi hiyo Bwana Asava hakwenda kwake. Mafuriko yalikuwa yamepungua katika uwanda wa Kano. Tulivua viatu tukapita kwenye tope la mashamba ya mpunga, yeye mbele akipima kina kwa fimbo. Mama mkwe, Dorka, alitupokea katika nyumba yake yenye sakafu mpya ya udongo. Alikuwa mama mwembamba, makapi ya mpunga yamenasa kwenye kitambaa chake cha kichwa. Okelo alikaa karibu na mlango.

Waliongea Kijaluo. Bwana Asava hakukifahamu vizuri, lakini naamini alielewa yote. Rosebella alisema, "Mama, mimi sikumkataa Okelo kwa dharau. Niko na ugonjwa. Ni ule ulimaliza mwanao." Okelo akasimama, akasema ndugu yake aliuawa na chira, na aliyevunja mwiko wanamjua. Dorka akamwambia akae. Kisha akamwuliza Rosebella nani mwingine anayejua, naye akatuonyesha sisi wawili. Akamwuliza tangu lini, akajibiwa tangu mwezi wa nne. Dorka akainuka akatoka. Tulimsikia akifagia uwanja, akafagia na kufagia mpaka jua likaanza kuinama, na sisi tumekaa kama tulivyoagizwa. Aliporudi alisema mvua inakuja, tuondoke mapema. Hakutupa chai. Tulipofika barabarani Rosebella alisema kwamba sasa hana kwao.

Zikapita Jumatano tatu. Ya nne, nikiwa nagawa sahani, nilimwona Dorka mwisho wa ukumbi, beseni kichwani, akimwuliza mlinzi chumba cha shuka ni kipi. Alikuwa amepika wali wa shamba lake, akausafirisha ukiwa moto umefungwa kwa blanketi. Aliwapakulia watu wote mkekani akianza na waliokuwa wamekonda zaidi, halafu akaketi kando ya Rosebella na kula katika sahani yake, mkono wake na mkono wa mkwewe. Baadaye alitaka kukaa nami chumbani. Nikamngojea. "Siku ile nilikasirika," akasema mwishowe. "Sikukasirika kwa sababu ya ugonjwa. Alibeba hii kitu miezi yote hiyo, na mimi niko. Sasa mimi ni nani kwake?" Hakuondoka tena. Alihamia katika chumba cha Rosebella Manyatta, akamkanda, akamwogesha, akajifunza kukanyaga cherehani ili amalizie sare zilizokuwa zimeagizwa. Okelo alileta mchele mara moja, akasimama mlangoni, na mara ya pili akaingia. Rosebella alikufa mwezi wa kumi na moja, asubuhi, Dorka akiwa amemshika miguu.

Alizikwa Ahero, kando ya mume wake. Mhubiri alisema marehemu aliugua kwa muda mfupi, kama walivyosema wahubiri wote siku hizo. Dorka akainuka. Akasema mhubiri amekosea, haukuwa muda mfupi, na ugonjwa huo una jina. Akalitaja, Ukimwi, katika uwanja uliojaa watu, na niliona wanawake wakishika midomo. "Mwanangu alikuwa nayo, akamletea mke wake," akasema. "Huyu amelala hapa angenyamaza arithiwe, na kesho mngechimba kaburi ya Okelo na ya bibi yake. Alikataa. Mlimtukana, na mimi nilikuwa kati yenu. Ndiyo maana amelala hapa, mahali yake." Akakaa. Kwaya haikuimba. Kisha mke wa Okelo, mtoto mgongoni, akawapita wanaume, akainama, akachukua udongo kwa mikono yote miwili, akautia kaburini taratibu, na watu wakamfuata.

Baada ya mazishi mimi na Bwana Asava tulikunywa chai katika hoteli ndogo kando ya barabara ya Ahero. Meza ilikuwa na nzi, chai ilikuwa na moshi. Hapo ndipo aliponiambia kwamba amehamishwa Lodwar, kaskazini kabisa, na anatakiwa kuripoti mwezi wa kwanza. Nikamwuliza tangu lini anajua. Akasema tangu wiki mbili zilizopita, ila hakutaka nijue kabla hatujamzika Rosebella. Kisha akaanza sentensi nyingine. Nikangoja, kama tulivyozoea kungoja. Akaiacha, akamwita mhudumu, akaomba mandazi mawili, tukala. Nimerudi kwenye meza ile mara nyingi kwa mawazo. Nimeikamilisha sentensi ile kwa njia nyingi, nyingine za kijinga, nyingine za kunitosha kwa mwezi mzima. Wakati mwingine nadhani alitaka tu kuniambia niangalie bawaba iliyolegea ya mlango wa chumba chetu.

Baada ya yeye kuondoka nilikaa chumbani peke yangu, na mwezi wa pili ikaja barua kutoka Lodwar. Ilikuwa fupi. Alisema kuna joto, watu ni wema, na hawajampa chumba bado, anakaa na wagonjwa chini ya mti. Kisha akauliza habari za watu wetu. Hakuandika majina yao, maana barua hufunguliwa. Aliandika herufi moja moja, kila moja mstari wake, herufi nane. Watano kati yao walikuwa wamekufa. Sikutaka kumwandikia neno hilo mara tano, kwa hiyo nilimwandikia juu ya kila mmoja jambo la mwisho nililomwona akifanya: P. aliomba muwa akautafuna bila meno, J. alimfundisha mtoto wa jirani kuhesabu, S. alichagua wimbo na kuubadilisha mara tatu. Juu ya wawili waliobaki niliandika kwamba wako na wanakuja Jumatano. Herufi ya mwisho ilinishinda. Ilikuwa T. Nilipitia daftari langu lote, nikauliza wodini, nikamwuliza hata mpishi, na hatukuwahi kuwa na mgonjwa ambaye jina lake lilianza hivyo. Barua ilikaa siku tatu haijakamilika. Siku ya nne asubuhi, nikisaini jina langu kwenye kitabu cha zamu, kalamu ilisimama kwenye herufi ya kwanza. Nikarudi chumbani, nikafunga mlango, nikaandika chini ya wengine: T. bado yuko. Anakula vizuri, analala kidogo, na anakuulizia.